ANAYEANDIKA HESABU NA APEWE KUISOMA

Ndugu Wanachama,

Iko elimu moja ambayo wengi wetu hatuijui kwa jina lake, ingawa tunaifanyia kazi kila siku. Wasomi wa vyuo vikuu huiita elimu ya mifumo ya habari katika mashirika. Maana yake si ngumu. Wanachunguza jinsi ofisi, kampuni, benki au hospitali inavyokusanya habari, inavyoziandika na kuzituma juu, na jinsi wakubwa wanavyozitumia kuamua mambo. Elimu hii ina maprofesa wake London, Oslo na Nairobi. Ina majarida yake pia, na moja kubwa, MIS Quarterly, linatoka Marekani tangu mwaka 1977. Na ina shamba la kulima. Shamba hilo, ndugu zangu, ni sisi.

Muuguzi wa zahanati ya Wajir Kaskazini, mhudumu wa afya anayetembea boma hadi boma nje ya Bute, karani wa rejista anayekesha mwisho wa mwezi, hawa ndio wanaozaa hesabu. Hesabu hupanda hadi Wajir, hupanda hadi Nairobi, huvuka bahari, zikawa vitabu na shahada. Kurudi hazirudi. Chama hakipingi elimu wala kompyuta. Tunachokataa ni mtu kuandika hesabu mwaka nenda mwaka rudi bila kupewa kuisoma, bila saa za kuandika kuhesabiwa kuwa kazi, kisha hesabu ile ile ikaja kumhukumu.

TUANZE NA REJISTA

Kila mfanyakazi wa afya anaijua safari ya karatasi. Mama akija kliniki ya wajawazito, anaandikwa katika rejista. Mtoto akichanjwa, anaandikwa katika rejista nyingine, tena katika karatasi ya kuhesabia, tena katika kijitabu cha mama yake. Malaria ina safu yake, kuhara kuna safu yake, kifua kikuu kina daftari lake zima. Mwezi ukiisha, mistari yote hiyo huhesabiwa na kujazwa katika fomu za muhtasari za Wizara, kama 705 ya magonjwa, 711 ya uzazi na huduma nyingine, na 717 ya wingi wa kazi. Kisha huingizwa katika kompyuta, katika mfumo uitwao DHIS2 ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011.

Twauliza, katika zahanati yenye muuguzi mmoja ni nani anayefanya kazi hiyo yote? Ni yule yule aliyepima, aliyechanja, na aliyezalisha usiku. Mgonjwa yuko mlangoni na fomu iko mezani. Akimhudumia mgonjwa, ripoti inachelewa na barua ya ukali inakuja. Akiandika ripoti, mgonjwa anangoja juani. Ratiba ya kazi haina saa hata moja iliyotengwa kwa kuandika, kana kwamba hesabu zinajiandika zenyewe.

Tarehe 25 Septemba 2023 Serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wa vifaa na simu ya kujazia habari za kaya. Posho yao ni Sh. 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kila mmoja hupangiwa kaya kama 100. Hapo ndipo tunapotaka wasomi wa mifumo waje watueleze. Kaya 100 za mtaa wa Nairobi ziko katika majumba machache. Kaya 100 za wafugaji ziko penye malisho, na malisho yakihama, nazo huhama. Simu haijui habari hiyo. Simu inauliza tu umetembelea kaya ngapi. Haiulizi umetembea saa ngapi, wala haiulizi ulipata wapi mtandao wa kutuma na nani alilipia umeme wa kuichaji.

ASILIMIA INAYOMHUKUMU MUUGUZI

Sasa tutazame hesabu inakuwaje ikifika juu. Hugeuzwa kuwa asilimia. Idadi ya watoto waliochanjwa hugawanywa kwa idadi ya watoto wanaotazamiwa kuwapo. Waliochanjwa, muuguzi aliwaona kwa macho yake. Lakini wanaotazamiwa kuwapo hutoka katika sensa na makisio ya ofisini.

Na sensa ya kaskazini sote tunaijua. Mwaka 2010 Serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya 8 za kaskazini, zikiwamo Wajir Mashariki na wilaya za Mandera, na kesi yake ikaenda mahakamani. Basi ikiwa Serikali yenyewe imegombana na wananchi miaka na miaka juu ya idadi ya watu, mbona idadi hiyo hiyo ikifika kwenye jedwali la chanjo hugeuka kuwa kweli isiyoulizwa?

Zaidi ya hayo, watu wetu hawakai mahali pamoja. Kiangazi hukusanyika penye maji, na zahanati iliyo karibu na kisima hujaa. Mpaka wa Ethiopia uko karibu, na mama mwenye mtoto mgonjwa hatazami ramani. Asilimia inapita 100, na mkubwa anasema muuguzi amedanganya. Mvua zikinyesha, boma hutawanyika kufuata majani. Asilimia inashuka, na mkubwa anasema muuguzi ni mvivu. Muuguzi ni yule yule na sindano ni zile zile. Kilichobadilika ni watu kuhama, na katika fomu hakuna safu ya kuhama.

Mfanyakazi akiitwa kujieleza kwa asilimia ambayo nusu yake hakuiandika yeye, huo si uongozi wa kazi. Huo ni uonevu uliovikwa kanzu ya elimu.

TUNA SABABU YA KUOGOPA MAANDISHI

Wapo watakaosema tunakuza mambo, hizi ni hesabu tu. Ndugu, katika Kenya hesabu hazijawahi kuwa hesabu tu. Kipande, kilichoanza kutumika miaka ya 1919 na 1920 chini ya sheria ya mwaka 1915, kilikuwa mfumo wa habari. Kilikuwa na jina la Mwafrika, alama za vidole vyake, mwajiri wake, siku zake za kazi na mshahara wake. Mfanyakazi alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Yeye alibeba habari, na mwajiri ndiye aliyezisoma. Huku kwetu, tangu mwaka 1926 NFD ilifungwa kwa sheria, watu wakawa hawaingii wala kutoka bila ruhusa iliyoandikwa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliamriwa kwenda kuchujwa, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi waibebe pamoja na kitambulisho.

Na mambo hayo hayakwisha na karatasi. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991. Ukame ulipobana, baadhi ya familia za Wakenya wa Garissa, Wajir na kwingineko ziliingia kambini kutafuta chakula, matibabu na shule. Watoto waliandikwa, na alama za vidole zikachukuliwa. Walipotimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho, kompyuta ilijibu kwamba hawa ni wakimbizi. Maelfu ya vijana wakajikuta hivyo, wazazi wao wana vitambulisho vya Kenya, wao hawana. Bila kitambulisho huajiriwi, husajili laini ya simu, hufungui akaunti benki, hupigi kura. Kosa lilikuwa la njaa, likaandikwa katika mfumo, na mfumo haukuwa na mlango wa mtu kuingia akasema, “Nimeandikwa vibaya, nisahihisheni.”

Huduma Namba iliyoandikishwa mwaka 2019 iliwafikisha watu mahakamani kwa sababu ya namna hiyo. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kutolewa kwa kadi zile hakukuwa halali, kwa kuwa Serikali haikupima kwanza hatari yake kwa wananchi kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Tunataja kesi hii ili mwanachama ajue kwamba kuuliza maswali juu ya mfumo si uasi. Ni haki ambayo mahakama imekwisha kuikubali.

WASOMI WENYEWE WALISEMA NINI?

Sasa twafika penye jambo ambalo wakubwa hawatuambii. Elimu hii ya mifumo haikuzaliwa ili kumkandamiza mfanyakazi. Baadhi ya mizizi yake iko katika vyama vya wafanyakazi.

Mwaka 1951 wasomi wawili wa Taasisi ya Tavistock ya London, Eric Trist na Ken Bamforth, waliandika juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza. Bamforth mwenyewe alikuwa amechimba makaa. Walionyesha kwamba mashine mpya na mpango mpya wa kazi vilivunja vikundi vidogo vya wachimbaji waliozoea kufanya kazi pamoja na kulindana, na faida iliyotazamiwa haikupatikana. Fundisho lao likawa kwamba mashine na watu hupangwa pamoja, si mashine kwanza na watu baadaye.

Halafu ikaja Norway. Kati ya mwaka 1970 na 1973 chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha nchi hiyo kilifanya utafiti juu ya kompyuta viwandani, pamoja na mtaalamu mmoja aitwaye Kristen Nygaard. Huyu hakuwa mtu mdogo. Yeye na mwenzake Ole-Johan Dahl ndio waliotunga lugha ya kompyuta ya Simula, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Mwanzoni mpango ulikuwa wa kawaida, wasomi wachunguze kisha waandike ripoti. Wakaona ripoti hizo hazitamfaa mtu wa kiwandani. Wakageuza kazi yote. Wakasema matokeo ya utafiti si kurasa zilizoandikwa na wasomi, bali ni hatua ambazo matawi ya chama yatachukua ili yawe na sauti juu ya mashine. Wafanyakazi wakasoma, wakaandikiwa vitabu vya kufundishia, wakachunguza viwanda vyao wenyewe.

Tunda lake likaonekana. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri wa Norway walitia sahihi mkataba juu ya mifumo ya kompyuta. Mwajiri alipaswa kuwaarifu wafanyakazi mapema kabla ya kuleta mfumo mpya, na kuwaarifu kwa lugha ambayo mtu asiye mtaalamu anaielewa. Wafanyakazi nao wakapata haki ya kuchagua mjumbe wao wa mambo ya data.

Tena sikilizeni vizuri. Nygaard alifundisha katika Chuo Kikuu cha Oslo. Ni kutoka idara ya kompyuta ya chuo hicho, na katika mapokeo hayo hayo ya kupanga mifumo pamoja na watumiaji, alikotoka Jørn Braa, aliyeungana na wenzake wa Afrika Kusini mwaka 1994 kuanzisha kazi ya mifumo ya habari za afya huko Cape Town. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeacha idara za afya zilizogawanyika vipande vipande. Nia yao ilikuwa wilaya ndogo ishike hesabu zake yenyewe na izitumie kuamua mambo yake yenyewe. Mfumo uliozaliwa katika kazi ile ukakua, ukawa DHIS2, na leo unatumika katika nchi zaidi ya 70. Ndio huo tunaoujazia fomu Wajir Kaskazini.

Kwa hiyo mfumo ule una ukoo wake, na katika ukoo huo wamo wafanyakazi wa chuma wa Norway. Wale walipigania mfanyakazi ajue, aulize, na asome. Sisi tumeletewa mashine, lakini mkataba haukuja nayo.

NJIA ILIPOTEA WAPI?

Ilipotea pale hesabu zilipokuwa mali ya kupeleka juu tu. Wizara inataka ripoti, kaunti inataka ripoti, na wafadhili nao wanataka ripoti yao kwa fomu yao. Kila anayetoa fedha anaongeza safu. Wasomi wameandika mara nyingi kwamba habari zisizotumiwa mahali zilipozaliwa huharibika, kwa maana anayeziandika haoni faida yake. Mwaka 2004 Braa, Eric Monteiro na Sundeep Sahay waliandika katika MIS Quarterly kwamba miradi midogo ya mifumo hufa ikiachwa peke yake, na kwamba watu wa mahali mbali mbali lazima waungane, wafundishane. Maneno mazuri sana. Lakini nani kati yetu ameyaona? Majarida ya namna hiyo kwa kawaida hufunguliwa kwa kulipia, na yameandikwa kwa Kiingereza cha maprofesa.

Tumewaona watafiti wakija na maswali yao. Tumeacha kazi tukawajibu, tumewafungulia rejista, tumewaonyesha njia, tumewafasiria Kisomali na Kiborana. Wakaenda, tusipate hata ukurasa mmoja wa majibu. Katika nchi hii ya visima kila mtu anajua desturi, kwamba aliyechimba ana zamu ya kunywesha. Haiwezekani achimbaye abaki na kiu, mgeni anyweshe ngamia wake kisha aondoke bila salamu.

WATAKAOTUPINGA

Watasema kazi ya muuguzi ni kutibu, na hesabu ni kazi ya wenye elimu ya hesabu. Basi na waje wazikusanye wao. Wauguzi walipogoma mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Novemba, ripoti nyingi zilikosekana, na kompyuta haikuweza kujijaza. Mfumo wote umekaa juu ya kalamu ya mfanyakazi wa chini kabisa.

Watasema pia fedha hazipo. Kumrudishia muuguzi hesabu zake hakuhitaji fedha nyingi. Zimo ndani ya kompyuta tayari. Kinachohitajika ni ruhusa ya kuzifungua na saa moja ya mkutano kila mwezi. Muuguzi akiona kwa jedwali kwamba kuhara hupanda kila kisima fulani kinapokauka, ataomba dawa mapema. Akiona akina mama wanakuja mara ya kwanza lakini wa nne hawafiki, atauliza kwa nini. Hiyo ndiyo faida iliyoahidiwa. Tunaidai.

MADAI YETU

1. Mfumo mpya, fomu mpya au simu mpya isiletwe kabla ya chama kuarifiwa mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kutoa maoni yake.

2. Saa za kuandika zihesabiwe kuwa saa za kazi. Mtandao na umeme wa simu za kazi viwe juu ya mwajiri. Posho za wahudumu wa afya ya jamii zilipwe kwa wakati, sehemu zote mbili.

3. Kila kituo kirudishiwe hesabu zake kila mwezi, na kila mfanyakazi anayeziandika aruhusiwe kuzifungua na kuzisoma.

4. Asihukumiwe mtu kwa asilimia bila kuonyeshwa imegawanywa kwa idadi gani na idadi hiyo imetoka wapi.

5. Mtafiti achukuaye saa zetu arudi na matokeo yake, ayasome mbele yetu na mbele ya wananchi, kwa lugha wanayoielewa.

6. Kila tawi lichague mjumbe wa mambo ya data, naye apewe mafunzo.

Hatuombi hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, tena na haki ya kudai habari za uongo juu yake zisahihishwe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza namna ya kuomba. Kifungu cha 41 kinatupa haki ya kuwa na chama na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Madai haya yanastahili kuingia katika mkataba wa kazi, karibu na mshahara na likizo.

NENO KWETU WENYEWE

Ndugu, tukidai haki hii tuwe safi nayo. Asibuni mtu hesabu ili ripoti ipendeze. Mtoto asiyechanjwa, ukimwandika amechanjwa, umemnyima sindano na umewanyima wenzako haki ya kuaminiwa. Ikiwa chanjo haikufika, andika haikufika. Ikiwa boma zimehama, andika pembeni zimehama, na tarehe. Hesabu ya kweli isiyopendeza ndiyo silaha yetu katika meza ya mazungumzo.

Mkutano wa tawi ujao, kila kituo kilete nakala ya fomu zake za miezi 3, na saa zilizotumika kuzijaza ziandikwe kwa kila mfanyakazi. Tutaanza utafiti wetu wenyewe, na matokeo yake yatakuwa yale tutakayoyafanya.

Umoja ni nguvu.

Mjumbe wa wafanyakazi wa afya,
Bute.